Mgeni wa Nyumba Mbili

Jioni ya siku tuliyoanua matanga ya babu, tuliketi uani Igombe, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, kujadili shamba linaloshuka hadi ziwani. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Hakuna aliyetupangia.

Shangazi aliomba kipande cha kujenga vyumba viwili. Alirudi nyumbani miaka tisa iliyopita, mumewe alipofariki na wakwe kumwambia kwamba yeye si wa ukoo wao. Tangu hapo ndiye aliyemuuguza babu, akimlisha na kumgeuza kitandani.

Baba mkubwa alimjibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma. "Dada, mtoto wa kike hana kwao. Kaa, lima, kula. Lakini ardhi ni ya ukoo. Mungu ndivyo alivyopanga."

Kule ni mgeni kwa sababu alitoka huku. Huku ni mgeni kwa sababu alikwenda kule. Mimi, msomi wa familia, niliangalia mkeka nikanyamaza.

Tangu siku ile najiuliza: ni nini hasa ndani ya mwanamke kinachomzuia kumiliki? Jibu la baba mkubwa ni maumbile. Kama ni maumbile, basi lazima yawe yaleyale siku zote. Jiwe halielei leo kwa sababu mtumbwi haupo.

Sasa tazama. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo, ila hawezi kuiuza. Lakini zikaongeza kwamba ikiwa ukoo hauna mwanamume, mwanamke anaweza kuirithi na kuimiliki kikamilifu. Yaani mwanamke yuleyule, mwenye mwili uleule, anakuwa mmiliki kaka zake wakikosekana.

Ukifuata ufuo wa ziwa kwenda Mara, kwa Wakurya utakuta nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anatoa mahari ya ng'ombe na kuoa mwanamke mwingine. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hiyo, na mara nyingi binti anayeolewa hutoka kwenye familia maskini, kwa hiyo siisifii. Ninachosema ni kwamba wazee walijua tangu zamani kuwa mwanamke anaweza kushika nafasi ya mume, akatoa mahari na akawa na watoto wa jina lake. Nyumba ilipohitaji, mila ilipinda. Ni mtu mwenyewe anapohitaji ndipo tunaambiwa mila haipindi.

Kwa mila hizi, mwanamke ni mchezaji wa akiba. Anajua kucheza, na kocha anajua kwamba anajua. Ila haingii uwanjani mpaka wengine waishe.

Kuna hoja moja ya baba mkubwa ambayo siidharau. Anaogopa shamba lichukuliwe na watu baki. Hofu hiyo ilifika Mahakama Kuu hapa Mwanza. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya kutoka Muleba, alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephraim, akaenda mahakamani kupinga mauzo hayo. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ambayo mwanamume angeweza kuiuza ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Lakini hakuutupa ukoo. Alimpa Bernardo miezi 6 ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei yake, kama ambavyo angeikomboa ikiwa muuzaji ni mwanamume. Kumbe ardhi ya ukoo inaweza kulindwa bila kumfanya dada kuwa mgeni.

Hukumu hiyo haikumaliza kazi. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo za urithi, mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Uani kwetu, hakuna aliyewahi kusikia habari hizo.

Wiki mbili baadaye nilimfuata baba mkubwa. Sikumtajia mahakama wala Katiba. Nilimuuliza kuhusu ng'ombe 12 walioletwa shangazi alipoolewa. Anajua, na ukoo mzima unajua, kwamba wanane kati yao ndio waliotolewa mahari alipooa yeye.

"Ng'ombe wake waliingia hapa, baba. Wao hawakuwa wageni."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Tutakaa tena."

Nilipomweleza shangazi, hakuniacha nijisifu. "Ungeyasema siku ile, mwanangu. Siku ile watu wote walikuwepo."

Ni kweli. Maneno niliyomnong'oneza mtu mmoja hayafuti kimya nilichokiweka mbele ya wote. Kikao ni mwezi ujao. Sijui kama atapata vyumba vyake viwili, ila safari hii nitazungumza kabla kikao hakijafungwa.