Wasiwasi wa Mwananchi Umoja Uvunjikapo

Tarehe 29 Januari 2025 nchi tatu za Afrika Magharibi, yaani Mali, Burkina Faso na Niger, zilitoka rasmi katika ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya mataifa ya sehemu ile. Viongozi wao walinena habari za heshima na uhuru wa nchi zao. Lakini kwa mchuuzi na mfugaji swali ni jingine: Je, kitambulisho changu kitanifikisha kwa ndugu yangu aliye ng'ambo ya mpaka? Ng'ombe wangu watatozwa ushuru gani? Ndivyo ilivyokuwa Uingereza nako baada ya kura ya mwaka 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya: watu waliokwisha kuoa, kujenga na kuajiriwa katika nchi isiyo yao walibaki wakiuliza kama wataruhusiwa kuendelea kukaa.

Sisi tukaao katika miteremko ya Kilimanjaro hatuna haja ya kufundishwa maana ya maswali hayo. Huku kwetu, toka Uru na Moshi mjini hata Holili mpakani, yaliwakabili wazee wetu kabla wengi wa wasomaji wetu hawajazaliwa.

Wako waonao kwamba maswali ya namna hii ni ya aibu. Husema: taifa linapotetea heshima yake, aulizaye habari za sukari, nauli na pensheni ni mtu wa tumbo, tena ni mwoga. Twataka kulipima neno hili, maana si neno dogo. Je, wasiwasi wa mwananchi wa kawaida ni udhaifu unaostahili kukemewa, au ni dai la haki linalopaswa kusikilizwa?

Kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Umoja wa Afrika Mashariki haukuzaliwa siku moja. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia mwaka 1927. Mwaka 1948 Waingereza waliunda tume ya pamoja ya kusimamia huduma za nchi hizo tatu. Baada ya uhuru, viongozi wetu wenyewe walitia saini Mkataba wa Kampala mwezi wa Juni 1967, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka ule ule, makao yake makuu yakiwa Arusha. Reli ilikuwa moja, posta moja, bandari na ndege chini ya mashirika ya pamoja. Barua iliyotoka Moshi ilibandikwa stempu yenye majina ya nchi zote tatu.

Mkulima wa Uru hakuusoma mkataba ule, lakini aliujua kwa mikono yake. Kwake, umoja ulikuwa gari la moshi lililopita Kahe na Taveta hata Voi, katika njia ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kupeleka askari wao, kisha ikawa njia ya biashara. Kwake, umoja ulikuwa soko la Taveta, ambako ndizi za Uchaggani zimeuzwa tangu zamani. Ulikuwa pia kijana wake aliyepata ukarani wa reli Nairobi au Mombasa, akaleta fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mambo makubwa ya mikataba huwafikia watu kwa njia hiyo, yaani kwa mshahara, nauli na bei ya sokoni. Basi mtu aulizapo habari za mambo hayo, asidhaniwe kuwa ameuacha umoja akaliangalia tumbo. Anauzungumza umoja ule ule, kwa upande ule aliopata kuuona.

Hatusemi kwamba nchi haina haki ya kujitoa katika umoja. Umoja si gereza. Tanzania ilikuwa na malalamiko yake ya haki, maana viwanda na faida vilikuwa vikielekea Kenya zaidi. Kenya nayo ilikuwa na hesabu zake, na njia ya uchumi waliyoifuata haikuwa njia yetu. Kisha Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda kwa nguvu, Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye katika baraza moja, na tangu hapo wakuu watatu wa Jumuiya hawakukutana tena. Nani alikuwa na kosa kubwa zaidi, wanahistoria na waendelee kuamua. Sisi twaulizia jambo jingine: nchi ikisha kukata shauri la kutoka, ina wajibu gani kwa wale walioyajenga maisha yao kwa kuutegemea umoja huo?

Inafaa kukumbuka kwamba kutengana kwa adabu kunawezekana, maana sisi wenyewe tumepata kukufanya. Mwaka 1966 nchi zetu tatu ziliacha fedha moja, kila nchi ikatoa fedha yake. Shilingi ya zamani ilibadilishwa kwa shilingi moja mpya. Bibi aliyekuwa ameficha akiba yake katika chungu alipata nafasi ya kuibadilisha bila kupoteza thamani yake. Tena mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na baraza letu la taifa likawekwa kwa sheria ya mwaka 1973. Watoto waliendelea kufanya mitihani. Katika mambo hayo mawili nchi ilitoka katika ushirika, lakini mtu mdogo hakuachwa njiani.

Mwaka 1977 haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikoma kuruka. Mwezi wa Februari Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Ilipofika mwisho wa Juni fedha za Jumuiya za mwaka mpya zilikuwa hazikupitishwa, na Jumuiya ikafa. Mpaka ulikaa umefungwa hata Novemba 1983. Gari la moshi la Voi halikuvuka miaka ile. Waliokuwa na shemeji, wajomba na wateja upande wa pili walitazamana kwa mbali kama watu wa mito miwili, na wengine wakazijua njia za panya ambazo hawakuzihitaji zamani. Tusisahau pia kwamba miaka ile ilikuja pamoja na vita ya Kagera na uhaba wa bidhaa madukani, hata mzigo mmoja ukaongezwa juu ya mwingine.

Lakini walioumia kwa muda mrefu kuliko wote ni watumishi wa Jumuiya yenyewe: mafundi wa reli, makarani wa posta, makuli wa bandarini, watu wa simu na wa ndege. Walikatwa fedha katika mishahara yao kwa ajili ya uzee, nao waliamini. Jumuiya ilipokufa, waliulizia fedha zao, nao wakaambiwa wangoje. Balozi Victor Umbricht wa Uswisi aliwekwa kuwa msuluhishi, akafanya kazi ya miaka mingi, na mapatano ya kugawana mali na madeni yakatiwa saini Arusha mwezi wa Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila serikali ilikubali kuwalipa watu wake. Hata hivyo hapa Tanzania wastaafu hao walidai miaka mingi, hata wakaipeleka serikali mahakamani, na mwaka 2005 ndipo walipofikia maelewano nayo mbele ya Mahakama Kuu. Aliyekuwa na umri wa miaka hamsini Jumuiya ilipokufa alikuwa na miaka sabini na minane. Wenzake wengi walikwisha kufa, na wajane wao walizidi kubeba bahasha za karatasi kuukuu kutoka ofisi hata ofisi.

Sasa na tuulize: yule fundi wa reli aliyekuwa na wasiwasi mwaka 1976, akiuliza habari za pensheni yake wakati wakubwa wakibishana habari za siasa, alikuwa mwoga? La hasha! Yeye ndiye aliyeona sawasawa. Swali lake lilikuwa ni swali la haki tupu: mimi nilitoa jasho langu kwa ahadi yenu, je, ahadi itasimama? Ahadi ile haikutolewa na nchi kwa nchi tu. Ilitolewa kwa mtu, naye hakuwa na kura wala kiti katika baraza lililoivunja.

Sisi Wachagga tuna mfano mwema wa jambo hili katika mfongo. Maji hutolewa mtoni huko juu, yakapita katika kihamba cha huyu na cha yule. Kila ayatumiaye ana wajibu wa kusafisha mfereji na kuuziba ubomokapo. Mtu akitaka kuacha ushirika wa maji, pengine kwa kuwa amepata bomba, hakatazwi. Lakini hana ruhusa ya kubomoa ukingo usiku, akaenda zake. Walio chini yake wamepanda kwa kuyatumaini maji hayo, na mbegu imekwisha kuingia ardhini. Haki ya kuondoka anayo. Haki ya kuwakausha wenzake hana. Tofauti kati ya kuondoka na kubomoa ndiyo kiini cha maneno yetu yote.

Huenda mtu akajibu: mkitaka kila hofu ipate jibu kwanza, nchi haitatoka kamwe katika umoja unaoidhulumu, tena serikali ikizitangaza hofu zote, itawatia watu fadhaa. Jibu hili lina uzito wake. Ni kweli kwamba hakuna serikali iwezayo kumaliza kila wasiwasi, na kwamba mtu mwenye nia mbaya aweza kutumia hofu za wengine ili kuchelewesha jambo la haki. Lakini sisi hatuombi kila hofu imalizwe. Twaomba deni liandikwe kabla ya safari, na mwenye kudai ajue atamdai nani. Na kuhusu fadhaa, mambo ya mwaka 1977 yatufundisha kwamba watu hufadhaika zaidi wanapoachwa gizani kuliko wanapoambiwa ukweli mchungu. Kinyamkela cha uvumi hukua mahali pasipo na habari.

Wananchi nao wana wajibu wao, nasi hatuwezi kuunyamazia. Kuwa na wasiwasi si kosa. Kosa ni kuuacha wasiwasi ututawale. Mwenye duka afichaye sukari akingoja bei ipande ameigeuza hofu ya jirani kuwa shamba lake la kuvuna. Apelekaye uvumi asioujua mwanzo wake ameongeza moto kwa kuni za wengine. Na aliye mbaya kuliko hao ni yule ambaye jana alikula meza moja na Mkenya au Mganda, na leo, kwa kuwa serikali zimekosana, amwita adui. Mpaka uliofungwa na wakubwa waweza kufunguliwa na wakubwa kwa siku moja. Chuki iliyopandwa vijijini huchukua muda mrefu zaidi kung'oka.

Twashukuru kwamba waliotunga umoja mpya hawakusahau yote. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ambao ulianza kutumika Julai 2000, una kifungu kinachohusu nchi itakayo kujitoa. Bunge la nchi hiyo sharti likubali kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha taarifa ya miezi kumi na miwili itolewe kwa Katibu Mkuu. Tena nchi inayoondoka haifutiwi madeni na ahadi ilizofanya ilipokuwa mwanachama. Hayo ni maneno machache, lakini kila neno lake lina machozi ya mstaafu fulani nyuma yake. Leo umoja huo una nchi nane, baada ya Somalia kuingia mwaka 2024, na vijana wa Uru wamo Nairobi, Kigali na Kampala wakitafuta riziki kama babu zao walivyofanya.

Sheria njema, hata hivyo, haijitekelezi yenyewe. Inahitaji watu wanaoithamini kabla ya siku ya haja. Kwa hiyo yatupasa kuuliza sasa, wakati wa amani: kijana wetu aliye kazini Nairobi, akiba yake ya uzeeni inatunzwa na nani, nayo itamfuataje akirudi? Mfanyabiashara wa Holili, akizuiwa bila taarifa, ataifikisha wapi kesi yake? Wabunge wetu waulizwe, na majibu yaandikwe. Wala tusiwaonee haya wanaotucheka kwa kuulizia mambo madogo. Nchi ijitoapo, wakubwa huondoka na mihuri na bendera zao; mtu mdogo hubaki na daftari lake la malipo mkononi. Heshima ya taifa lililoondoka itapimwa hapo, kwa kuangalia kama daftari hilo lilisomwa na kulipwa angali hai mwenye nalo.