Mkate wa Kila Siku na Moto wa Kuupikia

Katika mafundisho ya kipaimara tulijifunza kwamba tunapoomba mkate wa kila siku hatuombi chakula tu. Katika Katekisimo Ndogo, Luther aliweka ndani ya ombi hilo nyumba na shamba, serikali njema, amani, hata hali njema ya hewa. Wengi wetu tuliyakariri hayo ili tufaulu mbele ya mchungaji, tukayaacha palepale. Lakini moto wa kupikia mkate huo unayagusa yote.

Serikali yetu imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa. Tunaliona kuwa agizo la haki. Misitu ikiisha, vyanzo vya maji hukauka, na mito ikipungua hata umeme hupungua; mgao wa mwaka 2023 tunaukumbuka. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, lakini nalo hutegemea mvua.

Tena gesi ya mitungi huja kwa meli kutoka nje, na vita vya mbali vinaweza kupandisha bei yake hadi jikoni kwetu. Katika Maombolezo sura ya 5, watu wa Yerusalemu walioshindwa vitani wanalia kwamba hata kuni zao wenyewe wanazipata kwa fedha. Walijua kuwa asiyeushika moto wake ana bwana mwingine.

Hapo ndipo dhamiri zetu zinapobanwa. Katika sharika zetu yupo mchoma mkaa. Huketi benchi la nyuma, hutoa sadaka, na ada ya wanawe hutoka kwenye tanuru lile. Yupo pia mama wa maandazi anayenunua mkaa wa kopo, kwa kuwa hawezi kutoa kwa mkupuo fedha ya kujaza mtungi. Tukiwaambia waache tu, wale nini? Mjane wa Sarepta alikuwa akiokota kuni Eliya alipomkuta, na nabii hakumkemea.

Sisi wenye shule, hospitali na vyuo hatuna udhuru wa mjane. Usharikani kwetu bajeti ya vipaza sauti vipya ilipita bila mjadala. Hoja ya jiko la gesi ya samadi imeahirishwa mara mbili. Kuni za kongamano la vijana zimeshaagizwa.