Methali za Mnunuzi

Nikiwa darasa la nane nilikuwa na methali nne za Kiingereza kuhusu uzuri, na zote nilizipachika kwenye insha hata pale ambapo hazikuwa na kazi. Usihukumu kitabu kwa jalada lake. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Uzuri ni wa ngozi tu. Uzuri uko katika jicho la mtazamaji. Mwalimu alituambia kwamba ukianza insha ya KCPE kwa methali, tayari umeweka alama mfukoni, kwa hivyo darasa zima tulikuwa wanafalsafa. Na vitabu vyetu vilifunikwa kwa gazeti la juzi ili visichakae, hivi kwamba jalada lenyewe hatukuliona hata la kuhukumu.

Sikuwahi kuuliza methali hizo zinaongea na nani. Aliyeniuliza ni binamu yangu, Desemba iliyopita.

Binamu huyu tumelelewa pamoja Muthara. Akiwa na miaka mitatu aliangukia sufuria ya uji, na kovu likabaki kutoka shavuni hadi shingoni, upande wa kushoto. Toka utotoni watu wamekuwa wakimpa hizo methali kama vile mtu hupewa peremende baada ya sindano. Akilia shuleni: uzuri ni wa ndani, mama. Akirudi kutoka kutafuta kazi ya mapokezi kwenye hoteli mjini, ambako aliambiwa "tutakupigia" kabla hajaketi vizuri: usijali, mtu hahukumiwi kwa sura. Lakini alikuwa ametoka kuhukumiwa kwa sura, nusu saa iliyopita!

Sasa, Desemba tulikuwa na harusi ya nyumbani. Mimi ndiye mwenye simu nzuri, na kwa kuwa naandikaandika mtandaoni, watu huamini kwamba napiga picha pia. Nilimpiga binamu moja akicheka, rinda la kijani, milima ya Nyambene nyuma yake. Picha safi sana. Usiku nikakaa nayo kwenye programu moja ya kurekebisha picha, nikalifuta kovu. Kidole kilipita mara tatu, likaisha. Nikamtumia kwenye WhatsApp nikingoja asante.

Akajibu: "Huyu ni nani?"

Nikadhani ni mzaha. Nikamwandikia kwamba amependeza, na kwamba kwangu mimi hata bila kurekebisha ni mrembo, si uzuri uko katika jicho la mtazamaji? Akanipigia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Sawa, uko katika jicho lako. Na mimi mwenye uso niko wapi katika hiyo methali?"

Sikuwa na jibu, na mimi huwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimezipitia upya zile methali nne kama mtu anayekagua risiti. Zote zimetungiwa mnunuzi. Anaonywa asidanganywe na dhahabu bandia, asibebe kitabu kibovu, asioe sura. Hakuna hata moja inayomwambia lolote yule anayetazamwa. Hebu tazama ile ya ngozi. Moja ya mizizi yake ya zamani katika Kiingereza ni shairi la Thomas Overbury lililochapishwa mwaka 1614, na shairi lenyewe ni mashauri kuhusu mke wa kuchagua. Overbury alikuwa tayari amekufa. Alimpinga rafiki yake, Robert Carr, asimwoe mrembo Frances Howard, akaishia gerezani katika Mnara wa London na kuuawa kwa sumu mwaka 1613. Frances mwenyewe alikiri kosa mahakamani mwaka 1616. Kwa hivyo alikuwa na sababu ya kuwaogopa warembo, sibishi. Lakini kile tulichokuwa tukimpa binamu kama faraja kilianza kama onyo la mwanaume kwa wanaume. Ile ya jicho la mtazamaji, kwa maneno tunayoyajua leo, huhusishwa na riwaya ya Margaret Wolfe Hungerford ya mwaka 1878. Ameiandika mwanamke, lakini bado mwenye jicho ndiye mwenye neno.

Na kabla hatujawacheka Waingereza, zetu je? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi tena, amefungua kikopo akakuta hamna kitu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: hiyo angalau haijifichi, inakwambia wazi kwamba tuko sokoni. Ninayoipenda mimi ni moja tu, usione vyaelea vimeundwa, kwa sababu inamgeuza mtazamaji amwone aliyetoa jasho.

Ukikulia Muthara ni vigumu kusema kwa moyo mweupe kwamba umbo la nje ni kitu bure. Uchumi wetu ni miraa, na miraa ni sura. Mnunuzi anafungua jani la mgomba, anatazama rangi ya vijiti, urefu, unyevu, kisha anataja bei bila kutafuna hata kimoja. Na hakosei. Miraa ikinyauka, nguvu yake imekwenda. Baada ya siku mbili hivi ni kuni. Ndiyo maana zile pikapu hukimbia kuelekea Nairobi kana kwamba zinafukuzwa. Jalada hapo linasema ukweli. Tena kuna kufunga kwa heshima: miraa ya kupeleka kwa wazazi wa msichana haifungwi ovyoovyo kama ya kuuza stejini. Inapangwa, inakazwa, ncha zinalingana, na mzee akiipokea anajua mikono iliyoifunga ilimfikiria. Ukimwambia mzee huyo kwamba la muhimu ni kilicho ndani, atakuona hukulelewa.

Kwa hivyo siamini kwamba kosa ni kutazama. Kosa naona liko katika kuhamisha macho ya sokoni yakamkague mtu. Kijiti kikinyauka kinasema kitu kuhusu kijiti. Kovu la binamu linasema kwamba mwaka fulani sufuria ilikuwa chini na mtoto alikuwa anajifunza kutembea upesi. Basi. Halisemi kama anaweza kupokea wageni hotelini, kupiga hesabu, kucheka.

Mimi mwenyewe nimeishi kwa jalada. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilipogoma, na kwa karibu mwaka mzima sikusema nyumbani. Kila nikirudi nilivaa viatu vya ngozi na mkoba wa tarakilishi begani, ndani ya mkoba mna sweta na chaja. Wazee wa stejini waliniita daktari. Nilikuwa nasomea takwimu, lakini sikuwasahihisha. Nilipata kiti kwenye mikutano, nilipewa chai ya kwanza. Nguo ya kuazima, wahenga wanasema, haisitiri matako, ila niwaambie ukweli, inasitiri kwa muda mrefu kuliko wahenga walivyodhani. Wakati huohuo binamu, aliyekuwa akinitumia mia mbili mia mbili za bando kutoka kwa kibanda chake cha mboga, alikuwa akiambiwa na watu walewale kwamba sura si kitu. Niliwasikia wakisema. Nilikubali kwa kichwa, na viatu vyangu vimepigwa rangi.

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, nimrudishie tu ile picha yake ya kwanza, ile ambayo ni yeye. Nikaitafuta. Nilikuwa nimehifadhi mpya juu ya ile ya zamani ili simu isijae.

Ile niliyoirekebisha ilikuwa imeshafika kwa shangazi, mama yake. Shangazi alilia alipoiona. Kumbe ndiye aliyeacha ile sufuria chini, na miaka yote hii hajawahi kuyasema hayo kwa sauti. Akaenda studio ya picha pale sokoni, akaichapisha kubwa, akaiwekea fremu.

Nilipoenda Pasaka niliikuta sebuleni, juu ya kochi, karibu na kalenda. Binamu alikuwa ameketi chini yake akichambua maharagwe, uso wa kushoto ukielekea dirishani. Mgeni mmoja aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha tena. Shangazi akamwongeza chai. Binamu akasogeza ungo ili nipate pa kukaa, na mimi nikaanza kuchambua naye.