Kipande Kimoja cha Sufu

Mara nyingi twasikia Mkristo akisema: "Mimi ni maskini, changu ni kidogo mno, hakiwezi kumfaa mtu." Na tumjibu kwa kazi ya mikono ya kina mama.

Mama mmoja hufuma kwa sufu kipande cha mraba, sentimeta 20 kila upande. Kipande hicho peke yake hakimfuniki hata mtoto mchanga. Lakini vipande 35 vikishonwa pamoja, vitano kwa saba, huwa blanketi la meta moja kwa meta moja na sentimeta 40, na mtoto hulala salama usiku wa baridi.

Mwaka 2015, mjini Pretoria, Afrika ya Kusini, yalitandazwa mablanketi yaliyofumwa kwa mikono ya watu wengi, yakaunganishwa kupita meta 3,000 za mraba, kwa heshima ya Nelson Mandela. Kisha wakagawiwa wahitaji.

Tumkumbuke pia Tabita wa Yopa. Alipofariki, wajane hawakuleta sifa tupu, bali walimwonyesha Mtume Petro nguo alizowashonea.

Basi, ndugu wasomaji, huko Njombe na Makete mwezi wa Juni una baridi kali, na wazee na yatima wasio na cha kujifunika wamo parokiani mwetu. Asiseme mtu kwamba sehemu yake ni ndogo. Blanketi lililokosa kipande kimoja lina tundu, na baridi hupita papo hapo. Tusiwe sisi tundu hilo.