Chukua Jembe Ukalime

Fundi seremala mmoja wa Tanga alikuwa na baraza iliyojaa wanaume kila jioni, bao na kahawa. Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi dereva wa lori, na siku akirudi safari amelewa, mkewe alipigwa. Kilio kilifika barazani. Kete zilisita mkononi, kisha fundi, mkubwa wa wote, akasema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Watu wakacheka, mchezo ukaendelea.

Aliyekuwa akiwamiminia kahawa ni mtoto wa kiume wa dereva yuleyule. Nyumbani aliona baba akipiga. Barazani aliona watu wazima wenye heshima zao wakicheka.

Fundi alimpenda kijana, akamfundisha randa na patasi, na alipokua akamwoza binti yake. Mwaka wa pili wa ndoa, binti alirudi kwao mkono umevunjika. Fundi akaenda kwa mkwewe akitetemeka kwa hasira. Kijana akamwamkia, akampa kiti.

"Mwanangu, umemfanya nini mwenzio?"

"Baba, hayo ni ya mke na mume. Mama alipokuwa akilia, wewe ulisema watu wakalime."

Fundi alifungua mdomo, neno halikuja.

Kijana ana hatia yake, na maneno ya baraza hayamwoshi. Mkono ule aliuvunja yeye. Lakini baraza nayo ina deni. Methali ile inawahusu ndugu waliokosana leo na kesho watapatana. Haimhusu mtu anayepigwa na hana pa kukimbilia. Tena sheria haikuwa upande wa fundi hata siku moja: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila ikisema vingine.

Wanaume wale hawakuhitaji ushujaa mkubwa. Wawili wangebisha hodi usiku ule, hata kwa kisingizio cha kuomba kiberiti, na mkono wa dereva ungeshuka. Asubuhi, dereva akiwa hana pombe kichwani, fundi angemwita pembeni amwambie wazi kwamba barazani kwake mpiga mke hana kiti. Mama angeulizwa anataka nini, akasindikizwa kwa mwenyekiti wa mtaa au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na yule mtoto angeambiwa, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba anayofanya baba yake ni makosa.

Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo lililosahaulika. Mvulana hangoji semina ajue uanaume ni nini. Anawatazama wanaume walio karibu naye, anaona wanachokikataa na wanachokichekea. Basi mzaha wa kumpiga mke ukitolewa mbele ya vijana, usicheke. Ukataze papo hapo, nao wakisikia.