Je, Kunyima Jibu ni Uchoyo?

Baada ya likizo ya mwezi wa sita mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye husali pamoja nasi hapa Mhunze, alituonyesha jambo lililomchekesha kwanza, kisha likamhuzunisha. Alikuwa akisahihisha kazi za likizo za hesabu za kidato cha tatu. Katika madaftari 14 alikuta kosa lile lile mahali pale pale: kwenye mstari wa tatu tarakimu 7 iligeuka kuwa 1, na hesabu yote ikaifuata ile 1 hadi mwisho. Haikuwa kazi kujua kosa lilikotoka. Kijana mmoja hodari alipiga picha daftari lake, akaituma katika kundi la WhatsApp la darasa, na mwandiko wake, Mungu amsaidie, si mzuri.

Mama wa kijana huyo alipoulizwa hakuona ubaya wowote. Alisema tu, "Mwanangu si mchoyo."

Neno hilo tumelifikiri kwa majuma kadhaa, maana si la kupuuzwa. Katika Usukuma mtu aliye nacho akamnyima mwenziwe hupata jina baya, na jina hilo halimtoki upesi. Wazee wetu walilima kwa makundi, vijana chini ya nsumba ntale wao, leo shamba la huyu, kesho la yule. Je, kijana aliyelelewa katika desturi hiyo atawezaje kumwambia mwenzake, "Sikupi"?

Kwanza tuseme wazi kwamba kusaidiana kwenyewe si kosa, na kwa watoto wetu mara nyingi ni lazima. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili mpaka anamaliza, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanakuwa ya Kiingereza. Tulipowaomba vijana watuonyeshe wanayoandikiana, tulikuta kwamba maswali mengi hayakuwa ya kuomba majibu hata kidogo. Yalikuwa ya namna hii: hili swali linataka nini? Mwenzake humweleza kwa Kiswahili, pengine kwa Kisukuma, na baada ya hapo mtoto hufanya mwenyewe. Tena tukumbuke mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine tarehe 29 Juni. Miezi ile simu ya mzazi ndiyo iliyokuwa darasa, kwa waliokuwa nayo. Wasiokuwa nayo walichunga ng'ombe.

Basi ubaya unaanzia wapi? Twaona ya kuwa mfano wa shamba wenyewe watuonyesha. Ukimlimia jirani aliyeuguliwa, shamba limelimika kweli, na pamba itaota bila kuuliza ni jembe la nani lililopita pale. Hesabu haiko hivyo. Ukimfanyia mwenzako hesabu, daftari lake limejaa, lakini yeye amebaki kama alivyokuwa. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sisi hatukulitambua mpaka mwalimu alipotueleza. Mwalimu mwenye darasa kubwa hupima kwa madaftari. Akiona wengi wamepata, huendelea na mada nyingine. Yule ambaye hakuelewa amefichwa na wema wa rafiki yake, na hakuna atakayemtafuta.

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya waraka kwa Wagalatia, ataka tubebeane mizigo, na mistari mitatu mbele asema kila mtu ana furushi lake la kubeba. Wengine huona hapo amejipinga mwenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Kutoelewa Kiingereza cha swali ni mzigo, na mwenzako akushike mkono. Kufikiri ni furushi.

Wapo wasemao kosa ni la simu. Lakini mwaka 1998, kabla ya mtu yeyote hapa kwetu kuwa na simu mfukoni, mtihani wa kidato cha nne ulivuja, ukafutwa, ukarudiwa. Na katika mtihani kama huo wa mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 333 kwa udanganyifu. Hatudhani hao walianzia katika chumba cha mtihani. Na sisi wazazi, matokeo yakitoka, huuliza nini? Huuliza amepata daraja gani. Ni mara chache tumemwuliza mtoto ameelewa nini.

Tulizungumza na kijana mwenyewe, bila kumkaripia. Alitueleza kwamba hapo mwanzo alikuwa akiandika maelezo, hatua kwa hatua, akitumia bando la mama yake. Wenzake wakamjibu, "Acha maneno, tuma picha." Siku moja alipochelewa walimtukana. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mama hakusema uongo: mwanawe si mchoyo. Ila kile alichotaka kuwapa hawakukitaka, wakachukua kile kilichokuwa rahisi, naye akachoka kushindana nao.

Halmashauri ya mtaa imeruhusu chumba kilicho nyuma ya kanisa kitumike kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Kuna ubao na chaki, na mwalimu amekubali kupita akipata nafasi. Kijana anafundisha, na ameambiwa aandike 7 kwa kuikata katikati. Jumamosi ya kwanza walikuja wanne. Mmoja wao ni binti ambaye kwao hakuna simu ya intaneti, na ile picha alikuwa hajawahi kuiona.