"Sikujua" Inatosha?

Wengi wetu hapa Nyeri tunakula kupitia injini za mitumba: matatu, pikapu ya kupeleka kabeji soko la Karatina, lori la majani chai kule Othaya. Konrodi imetolewa kwa injini kuukuu, ikaoshwa, ikang'aa, ikauzwa. Ikikatika gari likiwa mlimani, muuzaji anasema, "Mimi sikujua." Na mara nyingi ni kweli, hakujua. Je, hiyo inamtoa kwenye hatia?

Chuma huchoka. Kila injini inapozunguka, konrodi inavutwa na kusukumwa, na ufa huanzia mahali padogo, pengine kwenye mkwaruzo tu, ukaendelea kukua bila kelele. Macho hayauoni.

Mwaka 1952 ndege ya Comet ilifungua safari ya London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe hapa jirani. Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Baadaye ilijulikana kwamba chuma chake kilichoka. Kwa ajali hiyo mimi siwalaumu sana. Lakini Machi Comet nyingine zilirudishwa angani kabla chanzo hakijajulikana, na Aprili 8 moja ikaanguka na watu 21. Hapo "hatukujua" inakuwa neno lingine kabisa.

Soma Kutoka 21. Mwenye ng'ombe dume aliyeua mtu hana hatia, ila kama alikuwa ameonywa tabia ya yule ng'ombe. Sasa muuzaji wa spea aonywe na nani tena? Kazi yake yenyewe imemwonya kila siku.

Na kupima si ya matajiri. Unasafisha chuma kabisa, unapuliza rangi nyekundu, unangoja kama dakika kumi, unafuta, halafu unapuliza dawa nyeupe. Penye ufa, rangi iliyoingia inatoka, unaona mstari mwekundu. Mafundi wa zamani walitumia mafuta ya taa na chaki. Ufa ulio ndani kabisa hautaonekana hivyo, lakini ule wa juu, ambao ndio mwingi, utaonekana.

Asiye na rangi anaweza bado kusema, "Hii sijaipima," na bei ishuke. Atapoteza pesa, sikatai. Nimesomea biashara, najua faida ya kunyamaza. Lakini na sisi wanunuzi, tunaobembeleza bei mpaka mtu hana hata ya kununua chaki, ni lini tuliuliza kama spea imepimwa?